Niels Finsen: Daktari Aliyeiuliza Nuru Maswali

Mtahiniwa, wasifu huu una kazi mbili. Kwanza, utautumia kwa mazoezi ya ufahamu na ufupisho. Pili, utakukumbusha mada mbili za sayansi ambazo watahiniwa wengi huzichanganya: mawimbi ya sumakuumeme na mabadiliko ya jeni. Usome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili pigia mstari miaka, majina na sababu. Maswali yako mwishoni.

Kabla hujaanza, jibu swali hili kimoyomoyo: mtu akishinda juani na ngozi yake ikababuka, ni kitu gani kimemuunguza? Kama umejibu kuwa ni joto la jua, basi wasifu huu umeandikwa kwa ajili yako.

1. Utoto na shule

Niels Ryberg Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika mji wa Tórshavn, kwenye visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmark. Familia yake ilikuwa na asili ya Iceland, na baba yake alikuwa mtumishi wa juu wa serikali visiwani humo. Mama yake alifariki Niels akiwa bado mtoto mdogo.

Alipelekwa Denmark kusoma katika shule ya bweni ya Herlufsholm. Huko hakung'ara. Mkuu wa shule alimwona kuwa kijana mwenye moyo mwema lakini mwenye uwezo mdogo na asiye na bidii. Baba yake akamhamishia Reykjavík, Iceland, katika shule aliyokuwa amesoma yeye mwenyewe. Niels alimaliza mwaka 1882 akiwa na umri wa miaka 21, akashika nafasi ya 11 katika darasa la wanafunzi 15.

Tulia kidogo hapo. Kijana huyu wa nafasi ya 11 kati ya 15 ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel. Sisemi kwamba matokeo hayana maana, maana nisingeandika kitabu hiki. Ninachosema ni kwamba karatasi ya matokeo hupima kile kilichoulizwa siku ile, na Finsen alikuja kuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi.

2. Ugonjwa na paka wa juu ya paa

Mwaka huohuo wa 1882 alikwenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1890, akaajiriwa chuoni kuandaa miili ya kufundishia anatomia.

Wakati bado mwanafunzi alianza kuugua maradhi yaliyoathiri ini, moyo na wengu, ambayo hayakumwacha hadi kifo. Alikuwa mchovu na mwenye upungufu wa damu. Chumba chake kilielekea kaskazini, na katika nchi ile chumba cha namna hiyo hakipati jua. Alihisi kwamba akipata jua hupata nafuu, lakini hakujua ni kwa nini.

Inasimuliwa kwamba siku moja alimwona paka akiota jua juu ya paa. Kivuli kilipomfikia, paka alisogea. Kivuli kikasogea tena, na paka akakihama tena. Wengine wangecheka na kupita. Finsen alijiuliza: mnyama huyu anafuata nini? Kama ni joto tu, basi jiko lingetosha. Au kuna jambo jingine ambalo nuru hulifanya mwilini?

Mwaka 1893 aliacha kazi yake ya chuoni ili apate muda wa kulichunguza swali hilo.

3. Jaribio la wino mkononi

Hapa ndipo penye kiini cha wasifu huu, kwa hiyo usome polepole.

Tangu mwaka 1801, Johann Wilhelm Ritter wa Ujerumani alikuwa amegundua kwamba ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa nuru kuna miale isiyoonekana kwa macho. Leo tunaiita miale ya urujuanimno. Siku zile wengi waliiita miale ya kikemikali, kwa sababu iliweza kubadilisha kemikali. Mwaka 1877, Downes na Blunt wa Uingereza walionyesha kwamba nuru ya jua huua bakteria. Lakini watu wengi waliendelea kuamini kwamba jua huunguza ngozi kama moto unavyounguza.

Finsen alichukua wino mweusi, akapaka mkanda mmoja kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akauanika mkono huo kwenye jua kali kwa saa kadhaa. Baadaye akaufuta wino. Ngozi iliyokuwa chini ya wino ilikuwa salama na nyeupe. Ngozi ya pembeni, iliyokuwa wazi, ikawa nyekundu na kuvimba.

Sasa fikiri kama mwanasayansi. Kitu cheusi hufyonza joto zaidi ya kitu cheupe, jambo unalolijua vizuri kama umewahi kuvaa shati jeusi saa saba mchana. Kama joto ndilo lingekuwa linaunguza, sehemu yenye wino mweusi ndiyo ingeungua zaidi. Lakini ndiyo iliyopona. Kwa hiyo wino ulizuia kitu kingine, ambacho si joto.

Hakuishia hapo. Ngozi ya pembeni ilipopona na kugeuka kahawia, aliuanika mkono tena bila wino. Safari hii ule mkanda mweupe ndio uliobabuka, na sehemu za kahawia zikaongezeka weusi tu. Maana yake ni kwamba rangi iliyotengenezwa na ngozi yenyewe ilifanya kazi ileile iliyofanywa na wino. Rangi hiyo ni melanini. Ngozi ya Mwafrika ina melanini nyingi, na hiyo ni kinga aliyozaliwa nayo dhidi ya miale hii.

4. Kutoka kwenye kuunguza hadi kuponya

Wazo la kwanza la Finsen kuhusu tiba lilihusu ndui. Alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye nuru nyekundu tu, ili miale ya kikemikali isiwafikie na kuwaongezea makovu. Wazo hilo lilijulikana sana, lakini baadaye liliachwa kwa sababu manufaa yake hayakuthibitika. Kumbuka hilo pia, maana hata mshindi wa Nobel hukosea.

Wazo la pili lilifanikiwa. Wakati ule kulikuwa na maradhi ya kutisha yaitwayo lupus vulgaris, yaani kifua kikuu cha ngozi. Bakteria walewale wa kifua kikuu hula ngozi ya uso, pua na midomo polepole kwa miaka mingi. Wagonjwa walijificha majumbani kwa aibu. Finsen aliwaza: kama nuru huua bakteria, kwa nini isiwaue walioko kwenye ngozi?

Mwezi Novemba 1895 alianza kumtibu mhandisi mmoja ambaye alikuwa amejaribu tiba nyingi bila mafanikio. Jua la Copenhagen katika majira ya baridi ni hafifu, hivyo Finsen alitumia taa ya umeme inayowaka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Aliikusanya nuru kwa lenzi, akaipitisha kwenye maji ili kuondoa joto, kisha akaielekeza kwenye kidonda kwa muda mrefu kila siku. Kidonda kilianza kupona.

Aliboresha vifaa vyake hatua kwa hatua. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya miale ya urujuanimno, kwa hiyo alitumia lenzi za jiwe la kwatsi. Aliona pia kwamba damu huzuia miale isipenye, kwa hiyo wauguzi waligandamiza lenzi juu ya ngozi ili kuisukuma damu pembeni.

Mwaka 1896 ilifunguliwa Taasisi ya Finsen mjini Copenhagen, na mamia ya wagonjwa wakatibiwa. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa Uingereza, alisaidia kuifikisha taa ya Finsen katika Hospitali ya London.

5. Tuzo na kifo

Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Tuzo hiyo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya tatu tu tangu ianzishwe. Hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea, kwa kuwa wakati huo alikuwa akitumia kiti cha magurudumu. Sehemu kubwa ya fedha za tuzo aliitoa kwa taasisi yake na kwa hospitali ya wagonjwa wa moyo na ini.

Aliendelea kufanya kazi hata akiwa kitandani. Aliufanya mwili wake mwenyewe kuwa maabara, akipima chumvi na maji aliyokula na kunywa, na mwaka 1904 akachapisha makala kuhusu kurundikana kwa chumvi mwilini. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904 akiwa na umri wa miaka 43. Alimwacha mkewe Ingeborg, aliyemwoa mwaka 1892, pamoja na watoto wao.

6. Jambo ambalo Finsen hakuliona

Finsen aliiona ngozi ikiwa nyekundu. Hakuweza kuona kilichotokea ndani ya seli, kwa sababu alikufa takribani miaka 50 kabla umbo la DNA halijajulikana. Wengine ndio waliolikamilisha swali lake.

Mwaka 1930 Frederick Gates wa Marekani alipima ni miale ipi ya urujuanimno inayoua bakteria vizuri zaidi. Aliona kwamba ni ileile inayofyonzwa sana na asidi nukleiki, yaani kundi la kemikali ambalo DNA ni mojawapo. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, wakitegemea pia picha za mionzi ya eksi zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin. Mwaka 1960 watafiti wa Uholanzi walitambua jeraha lenyewe.

Jeraha hilo likoje? DNA ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vipandio vyake ni jozi za besi: adenini hushikana na thaimini, na gwanini hushikana na sitosini. Fikiria pia zipu. Kila jino la upande mmoja hukutana na jino la upande wa pili.

Mwale wa urujuanimno hubeba nishati nyingi kuliko nuru inayoonekana. Unapopiga mahali ambapo thaimini mbili zimefuatana upande mmoja wa ngazi, nishati hiyo inaweza kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Badala ya kila moja kuishika vizuri adenini iliyo mbele yake, thaimini hizo mbili hukumbatiana kama majirani waliomsahau mgeni aliye mlangoni. Jozi hii iliyofungamana huitwa dima ya thaimini. Jambo la namna hiyo huweza pia kuzipata sitosini zilizo jirani.

Mahali hapo ngazi hupinda. Seli inapotaka kugawanyika, ni lazima zipu ifunguliwe na DNA inakiliwe. Kimeng'enya kinachonakili kikifika kwenye dima hukwama, kama kichwa cha zipu kinavyokwama kwenye meno mawili yaliyogandamana. Kuanzia hapo kuna njia tatu:

(a) Seli hurekebisha jeraha. Vimeng'enya hukata kipande kibovu, huweka besi mpya kwa kufuata upande wa pili, kisha huunga. Hili ndilo hutokea mara nyingi. Mwaka 2015 Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kueleza jinsi seli zinavyoirekebisha DNA.

(b) Seli yenye majeraha mengi mno hufa. Ngozi inayobanduka baada ya kuungua na jua ina seli nyingi za namna hiyo. Taa za urujuanimno zinazotumika kusafisha maji na hewa huua bakteria kwa njia hii.

(c) Seli hunakili kwa makosa na kuendelea kuishi. Hayo ni mabadiliko ya jeni, yaani mutesheni. Makosa yakiipata jeni inayodhibiti ugawanyikaji wa seli, seli inaweza kugawanyika bila kikomo. Huo ndio mwanzo wa saratani ya ngozi.

Onyo kwa mtahiniwa: usiandike kwamba Finsen aliponya kifua kikuu cha ngozi kwa kuvunja DNA ya bakteria. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walizipima lenzi na vichujio vyake vya zamani, wakaona kwamba vilizuia ile miale mifupi ya urujuanimno. Inaelekea bakteria waliuawa kwa njia nyingine. Wana kemikali inayofyonza miale mirefu zaidi iliyopenya, na kemikali hiyo ikatengeneza oksijeni kali iliyowadhuru. Tiba ilikuwa ya kweli, ila maelezo yake yalihitaji kusahihishwa.

7. Kwa nini jambo hili linakuhusu

Miale ya urujuanimno imegawanywa kwa urefu wa wimbi. UV-C ina nanometa 100 hadi 280, na tabaka la ozoni huizuia yote. UV-B ina nanometa 280 hadi 315. Nyingi huzuiwa, lakini inayopita ndiyo inayosababisha dima nyingi kwenye ngozi. UV-A ina nanometa 315 hadi 400, hupita kwa wingi na huingia ndani zaidi ya ngozi.

Sisi tunaishi karibu na Ikweta, ambako jua husimama karibu na utosi mwaka mzima. Kadiri unavyopanda mlima, miale hii huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000. Mawingu mepesi hupunguza joto, lakini hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Ndiyo maana jibu la joto ni la hatari na si kosa la mtihani tu. Mtu anayedhani kuwa joto ndilo linaloumiza atavua kofia siku ya baridi na mawingu, akidhani yuko salama.

Mfikirie mwanafunzi mwenye ualbino katika shule yako. Mwili wake hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa. Ngozi yake ni kama ule mkanda mweupe wa mkononi kwa Finsen. Anaposimama mstarini asubuhi, anapofyeka nyasi au anapocheza uwanjani, dima zinaundwa katika seli zake kwa wingi kuliko kwako. Kuchomwa na jua kwa miaka mingi ndiko huwaletea wengi wenye ualbino saratani ya ngozi mapema, wengine wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli na kuepuka jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ndiyo kinga ya kila siku.

Kwa hiyo mwenzako akiomba kukaa upande wenye kivuli au kuvaa kofia wakati wa gwaride, usimwite mvivu. Kama wewe ni kiranja, mpangie kazi ya ndani. Na kama mwenye ualbino ni wewe unayesoma hapa, basi sasa unajua sababu ya kisayansi ya kuiomba kofia hiyo bila aibu.

Mambo ya kukumbuka

• 1860 alizaliwa, 1882 alimaliza shule, 1890 alihitimu udaktari, 1893 aliacha kazi ya chuo, 1895 mgonjwa wa kwanza wa lupus vulgaris, 1896 taasisi, 1903 Tuzo ya Nobel, 1904 alifariki.
• Kinachobabua ngozi juani ni miale ya urujuanimno, si joto.
• Dima ya thaimini ni thaimini mbili jirani, za upande mmoja wa DNA, zilizofungamana.
• Kinga ni tatu: melanini, vimeng'enya vya kurekebisha, na busara yako.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi jaribio la wino lilivyothibitisha kwamba joto silo linaloibabua ngozi. (alama 4)
2. Kwa nini Finsen aliuanika mkono wake mara ya pili bila wino? (alama 2)
3. Taja mambo matatu yanayoweza kuipata seli baada ya dima kuundwa. (alama 3)
4. Taja wazo moja la Finsen lililoachwa na maelezo yake mengine yaliyosahihishwa baadaye. (alama 2)
5. Fupisha sehemu ya 7 kwa maneno yasiyozidi 60. (alama 6)
6. Kiranja amemlazimisha mwanafunzi mwenye ualbino kufyeka saa sita mchana kwa sababu kulikuwa na mawingu. Ukitumia sayansi uliyosoma, andika aya moja ya kumshauri kiranja huyo. (alama 5)

Dokezo la swali la 6: aya yako itaje mawingu, melanini, DNA na hatua ya kuchukua. Mtahiniwa anayetaja huruma peke yake hupoteza alama za sayansi, na anayetaja sayansi peke yake bila kumwambia kiranja afanye nini hajamshauri.